Vifungo vya Baba Mkwe

Siku hizi nikisikia velkro, ule utepe wa kunatana, ikifunguka popote, hata kwenye begi la mtoto wa shule, nacheka peke yangu mpaka watu wananigeukia. Waache wageuke. Hawajui yaliyonipata na nguo za baba mkwe.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko Suneka, nashona sare za shule, mavazi ya kwaya na magauni ya wanawake wanaokuja Alhamisi jioni kunieleza wanachotaka kuvaa Sabato. Nilizaliwa kule ziwani, nikaolewa Nyansiongo, kwenye ng'ombe wa maziwa na baridi inayouma masikio. Ekegusii yangu, lugha ya huko, ni ya kununulia ndizi tu. Kwa hiyo mimi na wakwe zangu tunaongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake, na tunaelewana vizuri sana.

Jambo la kwanza nililofundishwa baada ya kuolewa ni chinsoni. Hiyo ndiyo heshima ya Wagusii kati ya mtu na wakwe zake, na kati ya mzazi na mtoto wake aliyekwisha kuwa mtu mzima. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu. Simpi mkono, tunasalimiana kwa mbali, na mbele yake sitaji nguo yoyote inayovaliwa kiunoni kwenda chini. Hata mume wangu, mwanawe wa kumzaa, hawezi kumfunga baba yake mshipi. Wajukuu wana ruhusa zaidi, wanaweza hata kumtania babu yao, lakini mkubwa wao wakati huo alikuwa bado anavaa viatu vyake kinyume.

Basi kiharusi kikampiga mzee. Tunashukuru Mungu, miguu ilirudi na maneno yakarudi, ila mkono wa kulia ulikataa kabisa. Unakaa tu pajani. Na mkono wa kushoto peke yake, jaribu wewe kufunga kifungo cha shati nao ndipo utanielewa. Akawa anavalishwa na mama mkwe asubuhi na kuvuliwa jioni, na katikati ya hapo haendi popote ambapo mama mkwe hayuko karibu, kwa sababu suruali ina zipu, na choo ni choo.

Kitinda mimba wao akaja kuchumbiwa na kijana wa Nyamache. Harusi ingekuwa huko kwa kina bwana harusi, Jumapili, siku nzima, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Watu wote tukaanza kuruka kwa furaha. Mzee akasema yeye atabaki na ng'ombe.

"Ng'ombe iko na mtu wa kukamua," mama mkwe aliniambia kwa simu, akiwa amekasirika. "Na huyu msichana amelia mpaka macho imefura. Nani atamshika mkono kumpeleka mbele? Mimi?"

"Mzee anasemaje hasa, mama?"

Akajibu kwa sauti ya mtu anayepita na mzigo wa magendo: "Ni vifungo."

"Vifungo vya shati?"

"Shati... na ile nguo ya chini."

Nikaelewa. Nikamwambia, mama, hiyo ni kazi yangu, mimi nitamshonea nguo ambazo mkono mmoja unaweza kuzifunga na kuzifungua. Nilisema hivyo kwa kiburi kikubwa. Nilikuwa sijawahi kushona nguo ya namna hiyo hata siku moja. Nilikuwa nimeona tu picha kwenye simu, mzungu mmoja akifunga shati lake kwa kulipapasa, huku anatabasamu.

Shida ya kwanza ilikuwa vipimo. Mimi siwezi kumpima. Mume wangu hawezi. Nikamwambia mama mkwe atafute kamba na afunge fundo pale kipimo kinapoishia. Akatumia nyuzi za mgomba, akazikunja vizuri, akampa mwanawe azilete. Mume wangu alizitoa mfukoni akaziweka mezani akiwa ameangalia dirishani.

"Usiniambie ya kiuno ni ipi," alisema. "Nataka kula."

Nikashona kwa raha zote. Shati la velkro mbele, suruali ya velkro kiunoni, zote za rangi ya kijivu ya heshima. Nikazituma, nikakaa kando ya simu nikingoja sifa. Mama mkwe alipiga akiwa hana pumzi.

"Mwanangu, hii suruali ni ya mzee peke yake ama ni ya mzee na ng'ombe yake?"

"Kwani ni kubwa?"

"Ameingia ndani nikamtafuta!"

"Mama, ulimpima amevaa nini?"

Akanitajia. Koti la mvua. Sweta mbili. Suruali juu ya suruali, kwa sababu ilikuwa asubuhi na Nyansiongo asubuhi si mchezo, na mzee alisema hawezi kuvua nguo kwa ajili ya kamba ya mgomba.

"Si ungengoja jua litoke, avue kidogo?"

"Ukitaka apimwe bila nguo, kuja umpime wewe!"

Maneno hayo yakatutisha wote wawili. Mkamwana ampime baba mkwe bila nguo! Halafu nikasikia mluzi mwembamba kwenye simu, na ilikuwa mama mkwe anacheka akiwa ameziba mdomo. Nikaangua kicheko nikaanguka kwenye rundo la sare za shule. Tulicheka mpaka salio likaisha.

Kupotea njia ndiko kujua njia. Nikapunguza, nikapunguza tena, safari hii zikamkaa sawasawa. Mzee alizivaa mwenyewe chumbani, mlango umefungwa, akatoka amevaa. Mama mkwe alisema alitembea kutoka mlangoni mpaka zizini na kurudi bila sababu yoyote. Nilifurahi jamani! Niliwatangazia majirani wote wa kibandani, hadi muuza nyanya aliyekuwa hajaniuliza kitu. Na Sabato iliyofuata mzee akaenda kanisani nazo, mara ya kwanza tangu augue.

Sasa, wakwe zangu ni Waadventista, na Waadventista hupiga magoti wakiomba. Mzee akapiga magoti pamoja na wenzake. Tumbo likasogea mbele. Kanisa zima kimya, mchungaji amevuta pumzi aanze, na kutoka kwenye benchi la wazee ikatoka: khrrrrrr.

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti safi, nani amepasuka suruali?

Hakuna aliyeona kitu, koti lilimfunika. Lakini mzee aliomba sala ile yote akiwa ameshika kiuno kwa mkono wake mmoja, na alipofika nyumbani akavua kila kitu, akarudia suruali yake ya zipu, akanyoosha mkono mama mkwe amfunge. Akasema ng'ombe mmoja hali vizuri, atabaki kumwangalia siku ya harusi.

Habari hiyo mama mkwe hakunipa kwa kicheko. Nilikaa kwenye cherehani nikakasirika sana, na hasira yangu yote ilikuwa juu ya ile velkro. Nilikuwa nimemtoa mtu nyumbani kwake nikamwaibisha mbele ya Mungu na mbele ya wazee wenzake. Na harusi ilikuwa inakuja mbio. Bibi harusi mwenyewe alinipigia, akaniambia, "Wifi, baba asipokuja mimi nitaingia harusini na nani? Nitaingia na ng'ombe?" Akajaribu kucheka, akashindwa. Nikamwambia atakuja. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

Suruali nikaifumua yote. Nikaweka lastiki kiunoni kuzunguka, nikaificha chini ya mshipi wa kitambaa, nikashona zipu ya uongo mbele, zipu ya kuangaliwa tu. Ndani, kila upande, nikatia kitanzi cha kuingiza kidole gumba ili aivute juu kwa mkono mmoja. Hiyo ilikuwa rahisi. Shati ndilo lililonikondesha. Nilitaka kitu kinachoshikana chenyewe na kisichopiga kelele, nikazunguka Kisii mjini maduka yote ya vifaa vya ushonaji bila kukipata, mpaka mteja mmoja akaingia kibandani, akafungua mkoba wake na kuufunga: tap. Kimya kabisa. Sumaku.

Niliuangalia mkoba wa yule mama mpaka akaukumbatia.

Kesho yake nilikuwa kwenye mitumba nikichagua mikoba mibovu, mikoba iliyochanika, mikoba isiyo na mikanda. Muuzaji akanionea huruma akanionyesha mizuri. Nikamwambia hapana, nataka mibaya, na nikaanza kuifungua na kuifunga mmoja mmoja karibu na sikio. Alimwita mwenzake aje aone. Nyumbani nikaichana yote, nikatoa sumaku, nikazishona ndani ya ukanda wa mbele wa shati jipya jeupe, na juu yake nikabandika vifungo vya kawaida ambavyo havifungi kitu. Nikamvika mume wangu kujaribu. Nilimwambia ni shati lake. Alikuwa anakoroga chai, akainama kidogo, kijiko kikaruka kikamganda kifuani. Alikiangalia, akaniangalia.

"Hili shati si langu," alisema, akalivua polepole bila kuuliza lingine.

Sumaku zilinitosha mbele tu. Mwishoni mwa mikono ya shati sikuwa na la kutia isipokuwa velkro. Nikawaza, sawa, hatapiga magoti kwa mikono.

Nguo zikaenda Nyansiongo. Nikangoja simu, haikuja. Nikapiga mimi. Mama mkwe akasema mzee amezipeleka chumbani na hajasema neno, na yule ng'ombe bado hali vizuri. Nilienda Nyamache siku ya harusi bila kujua kama atakuja. Nilikuwa nimesimama kwenye hema na wanawake, shingo ndefu, kila gari likifika roho inapanda, ndipo lile la nyumbani likasimama na mguu wa baba mkwe ukatoka mlangoni, kisha fimbo, kisha yeye mzima. Shati jeupe. Suruali ya kijivu. Bibi harusi alipiga yowe ndani ya gari lake lililokuwa nyuma, shela na yote.

Mzee alimpeleka binti yake mbele. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umelala juu ya mkono wa binti yake, wa kushoto umeshika fimbo, nao walitembea taratibu hivi kwamba kwaya iliimba wimbo wake wote na kuurudia. Wakati wa sala alipiga magoti. Nilifumbua jicho moja. Hakuna sauti. Nilitaka kupiga vigelegele katikati ya sala, nikajiuma mdomo.

Lakini nilijua mtihani wenyewe, choo, bado. Watu wakala, wakanywa soda, na mshereheshaji alikuwa anaita wazazi kutoa nasaha nilipomwona mzee anainuka na kushika njia ya chooni, kando ya shamba la majani chai. Peke yake. Mama mkwe, aliyekuwa karibu nami, akainuka nusu. Nikaona anataka kumfuata kama alivyomfuata tangu augue. Akabaki hivyo hivyo, hajasimama hajaketi, kisha akaketi tena akashika mkoba wake kwa nguvu. Mshereheshaji akaita tena. Akatania kidogo. Akaita tena. Watu wakaanza kugeuka. Mimi nilikuwa nawaza vile vitanzi, kama nilivishona imara, kama kidole gumba chake kinaingia.

Akatokea. Shati limechomekwa, suruali imekaa, fimbo mkononi, hana haraka na mtu. Alikuja moja kwa moja kwenye meza ya maikrofoni, akaegemeza fimbo, akaichukua. Mama mkwe alitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu asubuhi.

Mzee akashukuru. Alishukuru wakwe wapya, wapishi, kwaya, waliofunga hema, hata aliyeleta viti. Kuna shukrani nyingine alikuwa nayo, nami nilijua, na chinsoni haikumpa mdomo wa kuitoa. Atasemaje? Namshukuru mkamwana wangu kwa suruali? Hakuangalia upande wetu. Aliangalia vilima vya chai. Akaweka maikrofoni mezani, akaulaza mkono wake mgonjwa karibu nayo, na kwa vidole vya mkono wa kushoto akafungua mwisho wa mkono wa shati.

Khrrrrrr, spika zote.

Akaufunga, akaubonyeza vizuri. Akaufungua tena. Khrrrrrr.

Fundi wa spika akakimbia kuangalia waya. Wageni wakacheka wakidhani mitambo imekufa. Mama mkwe alinifinya paja mpaka nikaruka, machozi yananitoka, nacheka na kulia, na sikujali nani ananiona. Mzee alifunga mkono wa shati kwa mara ya mwisho na kuchukua maikrofoni.

"Ni hayo tu," alisema. "Leo ng'ombe wamebaki peke yao."