Mama Sandra na Madirisha ya Wanyoike

Jepchirchir, ambaye pale ghalani wote humwita Mama Sandra, ni mtu wa kufunga. Akitoka jikoni hufunga kabati. Akimaliza kusali husema amina mara mbili, pasije pakabaki ufa. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa karani wa mizani katika ghala la mahindi la chama cha wakulima, nje kidogo ya mji wa Kitale, na katika miaka hiyo yote hakuna kalamu iliyowahi kulala mezani pake bila kifuniko.

Basi Mungu, ambaye naye hupenda mzaha, akampa Wanyoike.

Wanyoike, yaani Baba Ciru, alikuwa karani wa zamu ya mchana. Mama Sandra aliingia alfajiri akatoka saa saba. Wanyoike aliingia saa saba na dakika zake, akafunga ghala jioni. Kompyuta ilikuwa moja, na akaunti moja. Naye Wanyoike alikuwa mtu wa kuacha. Aliacha chai nusu kikombe, aliacha hadithi nusu mdomoni, na kwenye kompyuta aliacha madirisha wazi kama nyumba inayokaushwa rangi.

Zamani hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu ukitoka kwenye akaunti kila kitu kilijifunga. Lakini mwezi wa pili mwaka huu Wanyoike aligundua mahali fulani pa kubonyeza kwenye setingi, na kompyuta ikaanza kukumbuka. Asubuhi Mama Sandra akiingia, mashine inapumua kidogo, halafu inamrudishia vyote vya jana: utabiri wa mvua ya Kachibora, dawa ya maumivu ya kiuno, mchezo wa karata ulioachwa katikati, na barua tatu zisizo na mwisho. Siku moja alifunga madirisha kumi na saba kabla ya kuliona jedwali lake la mizani, na lori la kwanza lilikuwa nje likipiga honi.

"Baba Ciru," alimwambia mlangoni, "hii kompyuta si kabati yako ya nguo. Mtu akitoka, si atoke na vitu vyake?"

"Lakini Mama Sandra, wewe ukilala, asubuhi si unaamka unakuta watoto wako palepale?"

"Watoto wangu hawachezi karata ofisini bana."

Walimpelekea shauri Madam Judy, meneja. Aliwasikiliza wote wawili kwa uso wa mtu aliyekumbuka kazi nyingine, akasema wataelewana. Hawakuelewana. Asubuhi Mama Sandra aliizima ile setingi. Mchana Wanyoike akaiwasha. Hata wapakiaji wa magunia wakagawanyika. Kuna waliosema siku mpya ianze na meza safi, na kuna waliosema mashine inayosahau haina faida, afadhali daftari.

Jumanne moja Mama Sandra alichoka. Alifunga dirisha moja baada ya jingine, na kila kompyuta ilipomuuliza kama ahifadhi, alibonyeza hapana, kwa raha ya mtu anayeponda kunguni.

Siku hiyo Wanyoike alifika mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Aliketi, akatazama kioo cha kompyuta, akakitazama tena. Mama Sandra, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, aliogopa.

"Kuna nini?"

"Kulikuwa na hotuba."

Ndipo akaeleza. Ciru, kifungua mimba wake, alikuwa amepata mchumba kutoka Misikhu, upande wa Bungoma, na familia ya kijana ingekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Wanyoike alitaka kuwakaribisha kwa lugha yao. Wiki tatu nzima alikuwa akiokota maneno ya Kibukusu huku na huku na kuyapanga.

"Na hukusevu?"

"Nisevu ya nini? Si ilikuwa inarudi yenyewe kila siku?"

Mama Sandra alikuwa na jibu la hilo, tena jibu zuri. Alilimeza. Alikwenda nalo hadi nyumbani kwake, kijiji cha Kwanza, na usiku alipofunga mlango alisahau kuujaribu mara ya pili.

Kesho yake madirisha yalirudi, na kati yao ukurasa mpya wenye kichwa HOTUBA. Alijiambia kwamba hataugusa, atauacha tu. Lakini macho hayana mlango, yakasoma.

Sasa, Mama Sandra alisoma shule ya bweni Bungoma, kisha akafanya kazi huko miaka minane katika duka la misumari na mabati. Kibukusu anakiongea hadi watu humuuliza ukoo wake. Na hapo aliona kwamba wageni wakiingia, Wanyoike amejipanga kusimama na kuwaambia "Orio muno," na wakishatoa zawadi zao, awajibu "Mulembe." Alicheka hadi dereva wa lori akachungulia dirishani. Mulembe ni salamu, na orio ni shukrani. Mwanamume huyu alikuwa tayari kuwashukuru wageni mlangoni kabla hawajashusha kitu, halafu awajulie hali akishapokea ng'ombe!

Akaisahihisha. Siku ya pili akaongeza sentensi, na ya tatu akanyoosha mbili.

Mchana wa siku hiyo ya tatu Wanyoike alimshika mkono mlangoni, macho yakimeremeta. "Mama Sandra, njoo uone! Si nilikuambia? Ukiiacha wazi, inaendelea kufikiri. Ati imenisahihishia Kibukusu!"

Mama Sandra alifungua kinywa. Neno moja tu la ukweli, na ubishi wote ungekwisha palepale, yeye akiwa mshindi. Lakini Wanyoike alikuwa na furaha ya mtoto aliyeota jino.

"Ajabu," akasema, akavaa sweta yake.

Kwa hiyo kompyuta iliendelea kumfundisha. Mwishowe ikamwandikia hata maagizo: Usiongee haraka. Simama wima. Wanyoike hakuona ajabu yoyote.

Jumamosi ya wageni wafanyakazi wote walialikwa nyumbani kwa Wanyoike. Wageni walipoingia uani, Wanyoike alisimama na koti lake, kifua mbele, akanguruma, "Mulembe basakhulu!" Wazee waliitikia hadi kuku wakatawanyika. Alipofika mwisho wa hotuba, msemaji wao, Mzee Wepukhulu, alimshika bega.

"Mkwe, nani arikufundisha hii rugha?"

"Kompyuta ya ofisi," akajibu Wanyoike kwa fahari.

"Basi tuuzieni. Mimi niko na wajukuu hawajui hata sarimia mtu."

Wakati huohuo Mama Sandra alikuwa akigawa chai kwa akina mama wa Misikhu. Bibi mmoja alinung'unika kitu kuhusu sukari, naye Mama Sandra, bila kufikiri, akamjibu kwa Kibukusu, tena kwa utani, benchi zima likaangua kicheko.

Wanyoike aligeuka. Alimtazama, akatazama birika mkononi mwake, akafikiri polepole kama anavyofikiri kila kitu.

"Na ile ya simama wima?" akauliza.

"Ulikuwa unainama," Mama Sandra akasema.

Watu wakacheka, na yeye Wanyoike akacheka kuliko wote. Alimvuta mbele ya wageni akatangaza kwamba kompyuta yenyewe ndiyo hii, inapika na chai.

Jumatatu Madam Judy, aliyekula na kusikia yote, alimwita fundi Kimeli. Bila hata kuketi, kwa dakika kumi, Kimeli alitengeneza akaunti mbili: ya Mama Sandra inayofunga yote, na ya Wanyoike inayorudisha yote.

"Kwani hii ingewezekana tangu zamani?" Judy akauliza.

"Hata miaka kumi iliyopita. Mlikuwa mnabishania nini?"

Madam Judy akamuuliza ni pesa ngapi.

Siku hizi kioo cha Mama Sandra huwaka cheupe, kimya. Hajui tena mvua ya Kachibora wala kiuno cha mwenzake kinaendeleaje, ikabidi awe anamuuliza mlangoni, na wapakiaji wanasema maulizo hayo huchukua robo saa. Ijumaa iliyopita alikuwa sokoni akichagua mboga simu ilipolia.

"Mama Sandra, ile paswodi yangu ilikuwa gani?"

"Ni jina la Ciru na mwaka aliozaliwa. Na mimi sipaswi kuijua, Baba Ciru."

"Asante. Sasa usikate. Hii barua nimesevu, nimesevu kabisa vile ulisema. Lakini imeenda wapi?"