Mbuzi Aliyekosa Mwisho

Mimi si mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiani, na ndivyo ilivyokuwa kweli, hakufika zahanati. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha karibu na Segese, ambako kila mtu anaishi kama anayesubiri gari, nilidhani nimepata wenzangu. Wapi! Utafundisha nini darasa ambalo Ijumaa limejaa na Jumatatu limebaki nusu? Ikisikika rashi, yaani dhahabu imeonekana porini huko upande wa Geita, familia nzima inafunga magodoro kwenye pikipiki na kuondoka.

Na hawaagi. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Mchimbaji akiaga, watu watajua anakoelekea na kumfuata. Wakongwe wa machimbo huongeza kwamba bahati ina masikio, ikisikia unaaga inabaki na wale uliowaaga. Basi mtoto anakuamkia leo, "Shikamoo mwalimu," na wiki ijayo dawati lake liko tupu. Iliniudhi kupita kiasi. Nilikuwa nagombana na madawati matupu.

Hadithi niliianza kwa hasira, sikujijua kuwa na kipaji chochote. Vitabu vya ziada tulivyokuwa navyo vilijaa watoto wanaokwenda ufukweni kuokota makombe, na darasa langu lilivisoma kama watu wanaosoma maelekezo ya dawa. Siku moja nikachukua kalenda za zamani, nikazigeuza na kuandika nyuma kwa makapeni, zile kalamu nene za wino: Palikuwa na mbuzi mmoja hapahapa kwetu, akameza kipande cha dhahabu. Nikabandika ukutani. Alikuwa mbuzi jike mwenye dharau, aliyezoea kulamba vumbi kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa. Tangu siku hiyo mwenye mbuzi, mnunuzi wa dhahabu na mchinjaji wakawa wanamfuata kila aendako, wakiinama kukagua kinyesi chake. Watoto walicheka mpaka mwalimu mkuu akaja mlangoni. Alisoma, akacheka na yeye, halafu akakumbuka cheo chake na kusema mtaala hauna mbuzi.

Kila Ijumaa nilikatisha mahali pabaya. Kisu kimeshanolewa, mbuzi amebanwa kwenye kona, basi. "Mwalimu, halafu?" Nikawajibu, "Njooni Jumatatu." Na walikuja! Mama mmoja alinifuata nyumbani kunilaumu: "Mwalimu, huyo mbuzi wako ametuchelewesha safari, mtoto amegoma kupanda pikipiki." Nilivimba kichwa kwa wiki nzima.

Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyekaa dirishani. Baba yake alikuwa mchimbaji. Yeye ndiye aliyewasomea wadogo kalenda zangu kwa sauti, akimpa mbuzi sauti ya mbuzi kweli. Ijumaa moja wenzake walipotoka, alibaki akifuta ubao, ingawa haikuwa zamu yake.

"Mwalimu, wanamchinja?"

"Uje Jumatatu."

"Niambie leo tu. Sitamwambia mtu."

Nikamwambia kwa madaha kwamba mwandishi hauzi mwisho wa hadithi rejareja. Ukweli ni kwamba sikuwa na huo mwisho. Kila kipande nilikiandika Jumapili nikisubiri maharage yaive. Aliweka dasta mahali pake, akasimama kidogo mlangoni, akasema, "Haya, mwalimu." Jumatatu hakuwepo. Ndipo nilipong'amua kwamba lile swali ndilo lilikuwa kwaheri yake, kwa jinsi pekee ambayo kwao iliruhusiwa. Nilijifungia kwenye choo cha walimu nikalia.

Watu hudhani mwalimu anakuwa mwandishi wa watoto kwa sababu anawapenda watoto. Labda wapo wa hivyo. Mimi nilitaka kitabu kwa sababu mtoto mmoja alikuwa anatangatanga huko duniani bila kujua kama mbuzi amechinjwa, na kitabu ndicho kitu pekee nilichoona kinaweza kumfuata. Nikazinakili zile kalenda upya, nikazichapisha pale steshenari, nikazituma kwa wachapishaji wa vitabu Dar es Salaam. Mhariri alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole: "Kazi nzuri sana, mwalimu. Ila mwisho haupo."

Kana kwamba sijui!

Niliandika mwisho ambamo mwenyekiti wa kijiji anasuluhisha na dhahabu inajenga zahanati. Mhariri aliufurahia, akasema una funzo. Mimi uliniudhi, nikaomba urudishwe. Nikaandika mwingine, mbuzi anachinjwa na tumboni hakuna kitu. Mume wangu aliusoma akiwa mezani, akasukuma sahani. "Mama, unawaandikia watoto au unaiandikia mahakama?" Kila mwisho nilimwona yule msichana akiusoma, na kila mara alikunja uso. Walimu wenzangu hawakuniacha: "Mwandishi, mbuzi hajaiva tu?" Niliacha kukaa ofisini. Nilikuwa nazunguka uwanja wa shule na karatasi mkononi, wanafunzi wakinipisha.

Miaka ikapita hivyo, halafu nikapata uhamisho, shule moja karibu na Maganzo. Huko wanatafuta almasi badala ya dhahabu, lakini wasiwasi ni uleule. Wanachekecha changarawe na kutazama barabara. Nilikuwa sijamaliza hata kufungua mizigo. Ijumaa, baada ya vipindi, nilitoka kutafuta mkaa, nikapita watoto wanaocheza kando ya lami. Mmoja alikuwa anatambaa kwa mikono na magoti, pua juu, kwa dharau. Nyuma yake wengine wameinama wanakagua ardhi na kupiga kelele, "Mbuli! Mbuli kameza!"

Mbuzi kameza, kwa Kisukuma. Alikuwa mbuzi wangu. Niliwauliza nani kawafundisha, wakamnyooshea kidole mama mmoja aliyekuwa anakanda unga wa maandazi chini ya turubai, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mwalimu," alisema yeye kwanza.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa yule msichana wa dirishani, sasa mtu mzima.

Akacheka, akaniambia wamehamahama mpaka baba akachoka dhahabu wakaja huku, na darasa la saba alilimalizia Geita. Nikamuuliza kuhusu watoto wale na mbuzi. "Wananisumbua nikikanda, mwalimu. Lazima niwape kitu."

"Na mwisho? Umewapa mwisho gani?"

"Kwani wewe huna?"

Nikamwambia yote. Kwamba siku ile sikuwa nao, kwamba hata leo sina, kwamba kitabu kimekwama Dar es Salaam kwa ajili yake. Alinitazama, akaanza kucheka polepole, mpaka ikabidi ashike meza. Kisha akajikaza, akainua kidevu, akaiga sauti yangu barabara kabisa:

"Uje Jumatatu."

Nilicheka pia, maana mwiba ulikuwa wangu mwenyewe, umenirudia. Jua lilikuwa linazama, nikaita bodaboda. Nilipokuwa napanda ndipo nikaona nyuma ya jiko lake godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na juu yake masufuria ndani ya ndoo. Safari hii nilielewa mara moja kwamba Jumatatu hatakuwepo, na sikuweza kuuliza, kwa sababu hawaagi. Niliketi pale juu ya pikipiki kama mjinga, dereva akaniuliza tunaenda au hatuendi. Nikamwambia twende.

"Mwalimu!"

Niligeuka. Alikuwa ametoka chini ya turubai, mikono yote miwili imejaa unga.

"Mwalimu, rudi. Jumatatu ni mbali." Akavuta kigoda kwa mguu, akakiweka karibu na jiko. "Kaa hapa. Hawamchinji."