Niliuza karavani letu bila kumuuliza mke wangu

Admin, jina langu lifiche. Mtaa unaweza kuuacha, Thornton Heath tuko wengi. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Tanga, dereva wa basi hapa London tangu miaka ya tisini. Nina mke mmoja na binti mmoja, ambaye hapa nitamwita Zuhura, anakaa Kilburn, upande wa pili wa London. Kwa sasa naishi peke yangu. Najua mtanicheka. Chekeni, ila mkimaliza mnisaidie.

Kazi yangu ni ya zamu, na mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mimi nikiingia, yeye anatoka. Kuna wiki tulikuwa tunaonana kwenye ngazi tu. Ndiyo maana tulinunua karavani kuukuu, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, na kila kiangazi tukawa tunakwenda nalo pwani siku kumi. Waswahili wenzetu walitusema sana: "Mmetoka kote huko kuja Ulaya kulala kibandani?" Hatukujali. Njiani tulikaa mbele bega kwa bega, tukipiga soga safari nzima.

Tukifika, mke wangu hushuka, hujifunga kanga kiunoni, husimama nyuma kunielekeza nikilirudisha karavani mahali pake. "Njoo, njoo, kata kwako, njoo... basi, Baba Zuhura! Basi!" Wazungu wanatoka na vikombe vyao kutazama. Mimi bingwa wa basi la ghorofa, pale nilikuwa namtii yeye tu, na moyoni nilifurahi. Ndani alishona mapazia kwa kanga zake mwenyewe, zimeandikwa "Wawili wakipendana adui hana nafasi."

Sasa sikieni ujuaji wangu. Mgongo ulianza kuuma, kurudisha karavani nyuma nikaona adha, na kila mwaka mvua inamnyeshea mke wangu. Nikapata motorhome, gari kubwa lenye nyumba humo humo ndani, na nyuma yake linavuta kigari kidogo cha kutembelea mkishaegesha. Mke wangu alikuwa amepata leseni mwaka ule, nikasema kigari kitamfaa. Nikaliuza karavani yeye akiwa kazini, nimshtukize. Mzee wa Kizungu aliyelinunua akaniuliza maneno ya kwenye mapazia maana yake nini. Nikamwambia ni mapambo tu.

Aliporudi akalikuta motorhome limesimama mbele ya nyumba. Hakupiga kelele. Akauliza, "Vitu vyangu viko wapi?"

"Vimekwenda na karavani. Humu kila kitu kipya, mama. Halafu hili likiwa linavuta gari halirudishwi nyuma, unafungua kigari kwanza. Hutasimama tena mvuani."

Akanitazama. "Nani alikwambia nilikuwa nasumbuka?"

Kwetu mnajua, vyombo na mapazia ni vya mwanamke, hata mume mkali hagusi. Mimi niliona nimeuza gari. Yeye aliona nimeuza nyumba yake, na mimi kichwa kigumu sikuliona hilo mpaka baadaye.

Tulisafiri nalo mara mbili tu. Viti vya mbele viko mbali mbali, injini inanguruma, soga likafa. Ile mara ya pili, asubuhi, akasema anakwenda kununua maziwa ya chai. Nilimfungulia kigari kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwambia aendeshe taratibu. Nikabandika maji. Yakachemka, yakakauka, nikaongeza mengine. Mchana simu ikalia.

"Baba Zuhura, nimefika Kilburn kwa mtoto. Nimechoka kuambiwa mambo yakiwa yameshakwisha."

Enzi za karavani injini ilikuwa moja. Tukigombana, tunarudi pamoja tumenuna, na tukifika nusu ya njia mmoja anacheka. Siku ile nilirudi peke yangu, na njia nzima nikawa naangalia kwenye kioo kama kigari kipo nyuma.

Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke. Nakula nimesimama jikoni, maana nikikaa mezani naona kiti chake. Kazini nabeba watu basi zima, nikirudi nyumbani sina wa kumwambia hata kwamba leo barabara ilikuwa mbaya. Upweke jamani unauma, na unauma zaidi ukijua umejiletea mwenyewe.

Wiki iliyopita yule mzee aliyenunua karavani alinipigia. Mkewe amefariki, yeye hawezi tena safari, anauliza kama nalitaka karavani langu. Akasema mapazia bado yapo, marehemu aliyapenda, alikuwa akiyafua kwa mkono. Nililia, siwafichi.

Nikaamua hapo hapo: nauza motorhome, nalinunua karavani, nalivuta mpaka Kilburn, nalisimamisha chini ya dirisha lake, nimshtukize. Nikampigia Zuhura nimweleze. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema, "Dad, have you asked her?"

Yaani, mama yake nimemuuliza? Nilikata simu nikisingizia zamu.

Ndugu zangu, nishaurini. Mzee anataka jibu kabla ya wiki kwisha, na mimi siku nne sasa nazunguka ndani ya nyumba na simu mkononi. Nilipoanza kuandika nilitaka mniambie ninunue au nisinunue. Lakini nimefika hapa chini nimejiona: nimewauliza ninyi maelfu nisiowajua, na yeye bado sijamuuliza. Namba yake naijua kwa kichwa. Mtu aliyeishi na mkewe miaka ishirini na sita bila kumuuliza, swali la kwanza analianzaje?