Siku Mtani Alipokosa Utani

Munira binti Semboja hakuajiriwa kutengeneza programu; aliajiriwa kuwasikiliza wanaoitumia. Wakulima wa machungwa wa Handeni na Korogwe huita malori kwa programu ya simu, na inapowagomea, taarifa zao humfikia Munira katika chumba kilicho juu ya duka la mbolea, Korogwe mjini. Siku ya kwanza alizikuta zimechanganyika kama viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Idi.

Akaanza kuzibandika lebo. Hii "ramani", ile "ujumbe", nyingine "haraka". Getruda, mtengenezaji wa programu, ambaye sifa hazimtoki kirahisi, alitazama kazi hiyo akasema, "Mdogo wangu, sasa najua pa kuanzia." Mkuu wa ofisi akaahidi kwamba lebo zikileta manufaa kufikia mwisho wa mwezi, Munira atapewa ajira ya kudumu.

Basi wakaja watani. Wazigua na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, na mkonge uliwaleta Wanyamwezi wengine wakawa majirani kabisa. Mmoja wa wajukuu wa wakata mkonge hao ni Yordani, mwenye shamba la michungwa Kabuku. Alipojua anayesoma taarifa ni Mzigua, alifurahi kama aliyeokota jogoo.

"Programu yenu imekufa, Mzigua," aliandika kwa meseji ya kawaida. "Leteni sanda, mimi nakuja kula wali wa matanga." Kumbe bando lake la intaneti lilikuwa limekwisha.

Taarifa za namna hiyo zilipozidi, Munira akaziundia lebo yake: "utani". Hakuna aliyezigusa mpaka Ijumaa, ambapo zilisomwa kwa sauti wakati wa chai, na Getruda akacheka hadi kufuta machozi.

Alhamisi moja asubuhi Yordani aliandika: "Mzigua, lori langu limekwenda kuoga mtoni Hale. Likimaliza, lipe taulo lije, machungwa yanalisubiri." Munira alicheka peke yake, akabandika "utani", akaendelea na kazi.

Mchana ikaingia nyingine: "Dada Munira, habari za kazi. Samahani kwa usumbufu. Naomba msaada wako. Yordani."

Kicheko kilimkauka. Mtani hasemi samahani. Mtani akikuamkia kwa adabu namna hiyo, ama ni mgonjwa, ama kuna jambo zito. Akampigia simu papo hapo.

"Yordani, kuna nini?"

"Dada, majirani wote tumeshachuma, machungwa yako kando ya barabara, jua linayachoma. Nilikwambia asubuhi!"

"Uliniambia lori linaoga!"

"Si ndivyo ramani inavyoonyesha? Liko mtoni!"

Munira alifungua ramani. Kweli, alama ya lori ilikuwa Hale, ukingoni mwa mto Pangani. Akamtafuta dereva, Sadala, kijana mgeni wa njia zile.

"Dada, ramani inasema nimefika," alisema Sadala. "Nasubiri tangu asubuhi, lakini machungwa siyaoni. Naona ngedere tu, nao wananicheka."

"Geuza gari, kaka. Pita Segera, kisha Kabuku. Wahi!"

Getruda alikwisha kuliona kosa. Jana yake alipoongeza vituo vipya, kituo cha Kabuku alikiweka Hale. "Hilo ni langu," alisema. "Lakini ningelirekebisha asubuhi, kama ningeiona taarifa."

"Nilidhani ni utani."

"Ulikuwa utani. Na ramani je? Lebo si kabati, mdogo wangu, kwamba nguo ikiwa humu haiwezi kuwa kule. Nani amekukataza kubandika mbili?"

Munira akampigia mama yake, Bi Zuena, mwalimu mstaafu aliyemlea tangu baba yake afariki. Alitarajia kufarijiwa.

"Umekulia Handeni na hujui kazi ya mtani?" mama akauliza. "Msibani kila mtu ananyamaza, mtani ndiye husema kweli, huku watu wanacheka. Sasa nenda Kabuku. Ukoo wa Semboja hauombi radhi kwa simu."

Alishuka kwenye basi jua likianza kupoa. Lori lilikuwa limefika, upakiaji umeshika moto, na machungwa yalikuwa bado mazima.

"Mzigua huyo!" Yordani alipaza sauti. "Ficheni mboga!"

Munira alisikia moyo ukirudi mahali pake. "Nimekuja kuomba radhi, kaka."

"Radhi hailiwi!" Akamnyang'anya mkoba, akautundika kwenye tawi la mchungwa. "Umekamatwa. Ukitaka mkoba, beba tenga hili mpaka kwenye lori."

"Peke yangu?"

"Sadala akusaidie. Yeye ameshaoga, ana nguvu."

Wakalibeba, Munira akiyumba, akina mama wakipiga vigelegele kana kwamba wamemleta bibi harusi.

Mwisho wa mwezi mkuu aliuliza kama lebo ziendelee. Getruda alijibu bila kuinua kichwa: "Zikiondoka, na mimi naondoka." Munira akapewa barua ya ajira, na Bi Zuena akapika pilau.

Kesho yake Yordani aliandika: "Mzigua, unabeba tenga kama umebeba yai la mbuni. Halafu picha za machungwa hazipandi tena kwenye programu yenu. Nazo zimekwenda kuoga?"

Munira alicheka. Akabandika "utani". Akairudia taarifa tangu mwanzo, akaongeza "picha".