Jani la Sale Nililolivusha Maji

Baba yangu alikuwa mgonjwa wa miguu na kifua, na kila aliyeingia kumjulia hali alimwuliza swali moja: "Ndekirwa amerudi?" Ndekirwa ni mdogo wangu. Zamani kidogo, boma la Wajerumani pale Arusha lilipomtaka mangi, mtawala wetu, atoe vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani pwani, kila nyumba iliambiwa itoe mmoja, na baba akamtoa yeye bila kumwuliza. Mdogo wangu aliondoka bila kuaga. Baadaye mpagazi mmoja alituletea habari kwamba ametoroka shamba la mkonge na kujificha katika kisiwa kidogo karibu na Tanga. Jina la kisiwa sitaliandika, na msomaji ataona mwenyewe kwa nini.

Asubuhi ya mimi kuondoka kijijini kwetu Akheri kumfuata, baba alinituma nikate jani la sale mpakani mwa migomba yetu. Ninyi wa nyumbani mnajua maana yake, lakini huenda haya yakasomwa na mtu wa mbali: kwetu Meru ukimkosea mtu, unampelekea jani la sale lililofungwa fundo. Akilipokea, ugomvi umekwisha. Baba alilifunga mwenyewe.

"Mwambie nimekosa," akasema. "Usiongeze neno lako."

Nilipokuwa mlangoni akaniita tena. "Na ukimkuta anakula kwa mkono wa kushoto, mwache ale." Ndekirwa ni shoto tangu kuzaliwa, na mkono ule baba alikuwa akiupiga kwa fimbo kila alipouona kwenye chakula.

Njia ya kwenda Moshi niliizoea. Baada ya Moshi nikaambatana na wapagazi chini ya milima ya Upare, jua likituchoma na maji yakiwa machache, hadi Mombo, ambako reli iliishia miaka ile. Gari moshi sikulipenda. Nilishika ubao kwa mikono miwili mpaka Korogwe, na mama mmoja wa Kizigua akanicheka bila kujificha. "Kaka, halikuangushi hilo," akaniambia. "Lingekuwa la kuangusha lingeniangusha mimi na unene wangu." Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwa raha katika safari ile.

Nilipofika Tanga nilifanya jambo ambalo Mmeru yeyote angelifanya. Kwetu mgeni haingii nchi ya watu kimyakimya kama mwizi. Anapita kwanza kwa mshili, mkuu wa ukoo, anasema anatoka wapi na anamfuata nani. Nikauliza mkubwa wa pale ni nani, nikaambiwa akida. Nikaenda barazani kwake, nikamwamkia kwa heshima zote, nikamweleza kwamba namtafuta ndugu yangu kisiwani.

"Ndugu yako alikuja pwani kwa kazi gani?" akaniuliza.

"Kazi ya mashamba, bwana."

Akatabasamu. Akasema mgeni kama mimi hafai kupotea, akamwita askari wake anisindikize. Nilishukuru, na nilikuwa nimekwisha toka nje nilipoiona bunduki begani mwa yule askari na pingu kiunoni mwake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimewaelekeza kwa mtoro wao. Lakini kurudi nyuma kungemthibitishia akida alichokuwa anakidhani. Tukashuka ufukweni, tukapanda mtumbwi.

Kisiwani tulitua maji yakiwa yamekupwa, tukatembea kwenye tope na majani ya bahari mpaka mchangani. Kijiji ni kidogo, unaweza kukizunguka chote kwa miguu kabla ugali haujaiva. Kwetu kila nyumba imejificha migombani mwake, lakini hapa zimebanana chini ya makuti, ukikohoa nyumba hii utapewa pole nyumba ile. Pweza walikuwa wameanikwa kwenye kamba kama nguo. Mbele yetu niliwaona watu, tulipokaribia, hawakuwapo. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kelele.

Jumbe wa kijiji, mzee mwembamba mwenye kikohozi, alitupokea uani kwake na kutupa maji ya dafu. Hakuniangalia usoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mtu wa bara hapa hatuna."

Nilikuwa sijamwuliza kitu. Askari akacheka, akaniambia, "Wewe tembea. Mimi nakufuata. Damu yako itakujulisha."

Nikatembea. Nilipita kisima, nikapita msikiti na makaburi, na moyoni nilikuwa naomba kitu ambacho sikutegemea kukiomba baada ya njia yote ile: nisimwone ndugu yangu. Kila mwanamume aliyetokeza kwa mbali nilimtazama miguu na mabega kisha nikashusha pumzi. Nyuma yangu viatu vya askari vilisaga makombe.

Mwisho wa kijiji, upande wa mikoko, nilisikia tezo ikichonga mti. Tulipokata kona ikanyamaza. Palikuwa na nyumba moja peke yake, na mbele yake mtumbwi uliochongwa nusu, vibanzi bado vibichi. Mama wa makamo alikuwa ameketi mlangoni akisuka mkeka. Na kuizunguka nyumba ile, katika mchanga ambao haukuyafaa, yalikuwa yamepandwa masale mstari mmoja, membamba, yamekonda kwa chumvi, lakini yamepangwa kama mpaka wa shamba la Akheri. Hakuna mtu wa pwani anayepanda sale namna ile. Nusura nilie pale pale.

"Umesimama nini?" askari akauliza.

"Mwiba," nikasema. Nikainama, nikajishika unyayo, na nikiwa chini hivyo nikalitoa jani la baba kifuani, kavu, limekunjamana, nikalipachika kwenye shina la sale la kwanza. Yule mama aliniona. Mikono yake haikuacha kusuka.

Askari alikwisha fika kwenye mtumbwi. Akaokota kibanzi, akakinusa. "Nani alikuwa anachonga?"

"Mkwe wangu," mama akajibu. "Amekwenda mikokoni kutafuta mti wa mlingoti."

"Nitamngoja ndani."

"Ndani kuna mzazi, bwana. Binti yangu amejifungua juzi. Uingie umtazame?"

Kabla askari hajajibu, mtoto alilia mle ndani. Alilia kwa nguvu, kwa hasira. Askari alirudi hatua nyuma, akatazama chini kwa aibu, kisha akanigeukia mimi kwa ghafla.

"Na wewe? Huyu mkwe si ndugu yako?"

Mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja. Nyuma yake kulikuwa na giza, na ndani ya giza lile nilijua kuna mtu anayeisikia sauti yangu.

"Ndugu yangu hajui hata kushika tezo," nikasema kwa sauti ya juu. "Mpagazi alinidanganya. Twende zetu."

Nikatangulia mimi. Sikugeuka. Nimebeba mizigo mingi katika maisha yangu lakini shingo yangu haijawahi kuwa nzito kama siku ile.

Tulipokuwa tunaingia mtumbwini, yule mama alikuja mbio na kikapu cha samaki wakavu. "Mgeni hatoki kwetu mikono mitupu," akasema. Askari akapekua mpaka chini, akachukua samaki wakubwa wawili, akanirudishia kilichobaki. Kishikio cha kikapu kilikuwa kimefungwa kwa jani bichi la sale lenye fundo. Hilo hakulitazama.

Kurudi kulikuwa kurefu. Wapagazi wenzangu walilalamika kwa harufu ya kikapu changu, na Wamasai tuliokutana nao njiani walijiziba pua. Sikukitupa.

Akheri nilimkuta baba bado yu hai, amekaa kitandani, ameegemezwa.

"Umemwona?"

"Sikumwona, baba." Nikamsimulia yote, nikamwekea mkononi jani lile la kikapu, ambalo sasa nalo lilikuwa limekauka. Aliligeuza kwa muda mrefu. Akalifuata fundo kwa kidole, akalifuata tena.

"Limezungushwa kinyume," akasema. "Limefungwa kwa mkono wa kushoto." Machozi yakamtoka na hakuyafuta. "Mtoto ni wa kiume au wa kike?"

"Sikuweza kuuliza."

"Alilia kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana."

Katika safari ile nilijifunza kwamba adabu ya kwetu inaweza kuwa kamba shingoni mwa mtu kwingine, na kwamba kuna siku kumpita ndugu bila salamu ndiyo salamu yenyewe.

Baba aliomba samaki. Wazee wetu hawali samaki. Wanasema ni nyoka wa majini, na mama yangu alitoka nje asione. Baba alimega kipande, akakitazama, akakihamishia mkono wa kushoto, akala.