Vita Alivyotaka Kushinda Kagendo

Sisi tuliolelewa Githongo, chini ya mlima wenye barafu, tulijua kuchuma kahawa kabla ya kujua kuandika majina yetu. Likizo ya Desemba ilikuwa debe kiunoni, umande hadi magotini, na viazi vitamu vya jana vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Watoto wa siku hizi ukiwatuma parachichi tu, wanauliza kama kuna glavu.

Aliyetuzuia tusitoroke ni Shangazi Karimi, dada yake baba. Tukichuma, alituhadithia vita vya majitu yaliyoshuka kutoka kwenye barafu ya mlima, na mashujaa wa kijiji waliosimama kwenye kivuko cha mto kuyazuia. Kila alipohadithia, mashujaa walikufa wote. Tulichuma tukifuta machozi.

"Kwani lazima wafe?" dada yangu Kagendo aliuliza siku moja. "Wangepanga vizuri wangeshinda."

"Haya, tuonyeshe," akasema Shangazi.

Tulikuwa tumefika kiwandani, mahali pa kuuzia kahawa, tumemwaga kahawa juu ya gunia tuichambue kabla ya kupimiwa. Kagendo akalikunja gunia likafanya bonde. Kahawa mbichi zikawa majitu, nyekundu zikawa mashujaa. Akawaondoa mashujaa kivukoni, akawapandisha kilimani, akayaacha majitu yaingie mtoni.

"Ni mazito haya. Yatazama kwenye matope."

Kisha akawateremsha mashujaa kutoka pande zote mbili. Majitu yakaisha! Watu wa foleni walikuwa wamesogea kutazama, na mzee mmoja akapiga makofi. Mimi niliruka kwa furaha.

 Shangazi aliokota kahawa ndogo zilizokauka, akazipanga katikati ya mto.

"Na hawa?"

"Hao ni nani?"

"Watoto na mama zao. Walikuwa bado wanavuka."

Kagendo akajaribu kuwasogeza upesi. Shangazi akatikisa kichwa. "Polepole. Kuna wanaobebwa."

Dada yangu alilitazama lile gunia kwa muda mrefu. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akawachukua mashujaa wake mmoja mmoja kutoka kilimani na kuwarudisha kivukoni.

"Kwa hivyo wangeweza kushinda," akasema kwa sauti ndogo.

"Wangeweza," Shangazi akajibu.

Tulipotoka, mawingu yalikuwa yameondoka mlimani. Vilele vilisimama vyeupe, karibu mno, hata nikamshika Kagendo mkono. Nilijua ni hadithi tu. Bado nilihisi kuna watu wamesimama kule juu, na kwamba mimi niko hai kwa sababu yao.

Siku hizi barafu imepungua sana, na Shangazi tulishamzika. Kagendo ni muuguzi huko Embu. Krismasi iliyopita wanawe walikuwa wakipigana vita kwenye simu, vita vya moto na ngurumo, na yule mdogo alikufa mara nyingi kabla ya chai kuiva. Nikampa pole. Akanishangaa. "Si naanza tu tena, Anko?"

Nikamuuliza mama yake kama aliwahi kupata njia nyingine pale kivukoni.

"Bado natafuta," akasema, akitazama kikombe chake. "Nikiwapanga vyovyote, kuna mtoto anabaki majini."