Shahidi wa Kwanza

Mtama wa Babu Sabayi ulikuwa umelala chini wote upande wa mashariki, umepondwa kama uliopitiwa na trekta, na katikati yake mzee mwenyewe alichuchumaa akichuna mguu wa nyumbu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Wegesa Machota, askari wa wanyamapori mwaka wa tisa huo, alisimama kando ya shamba, bunduki begani, akashusha pumzi ndefu.

"Babu. Tena?"

"Karibu, mchumba," mzee alijibu bila hata kugeuka. "Umewahi mno, maini bado hayajaiva."

"Acha utani! Mara ya kwanza nilikuonya. Mara ya pili nikakuonya mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Sasa unataka nikufanyeje?"

"Mtu amekula mtama wangu, nimemkuta humu humu. Mwizi hapo ni nani?"

"Na hizo waya?"

Mzee alitazama kiroba kilichokuwa kando yake, mafundo matatu ya waya yakichungulia, kama vile ndiyo kwanza anakiona. "Za kufungia uzio," alisema.

Lukumay, dereva wa doria, alicheka hadi akaegemea mlango wa gari. Wegesa hakucheka. Alitembea kutoka pale mzee alipochuchumaa hadi kwenye jiwe la mpaka wa pori la akiba, akihesabu hatua. Zilikuwa themanini na sita. Aliziandika kwenye daftari lake, kisha akamfunga pingu mtu aliyemfundisha kutaja majina ya ndege.

Wegesa alikuwa amekulia nyumba ya tatu kutoka kwa mzee huyo. Baba yake alipofariki, kimoro cha Babu Sabayi, nyama ya porini iliyokaushwa, ndicho kilichokuwa kitoweo chao cha ugali wa mtama miaka mingi, na yeye aliijua ladha yake kabla hajajua kuwa ni kosa. Hata hivyo kazi aliichukua kwa moyo. Alikuwa amemwona twiga akifa kwa siku nne, waya umezama mguuni hadi mfupani. Hakuna aliyehitaji kumfundisha kwa nini waya ni kitu kibaya. Kilichomchosha ni aina ya watu waliojaa mahabusu.

Wiki ile ile, yeye na Lukumay walikuwa wamesimamisha pikapu ya Mechara, mfanyabiashara wa pale mjini, imesheheni magunia kumi na moja ya kimoro chini ya turubai la mahindi. Siku ya tatu Mechara akaonekana sokoni anakula muwa. Wegesa alimfuata mkuu wa kituo, Bwana Kihwele, ofisini kwake.

"Kielelezo kimeoza," Kihwele alisema. "Kikateketezwa. Bila kielelezo hakuna kesi."

"Afande, kimoro kinakaa darini mwaka mzima! Kimeozaje kwa siku tatu?"

"Wewe ni mtaalamu wa nyama?"

"Mimi nimezaliwa hapa."

"Basi shughulika na aliyepo. Saini hapa." Akamsukumia karatasi. Ilikuwa maelezo yake yeye, Wegesa, yaliyoandikwa na mtu mwingine: kwamba alimkamata Sabayi kilomita mbili ndani ya pori, akitega.

"Sikumkamata ndani. Nilimkuta shambani kwake, hatua themanini na sita nje ya mpaka."

"Unadhani waya zile alikuwa anaanikia nguo?"

"Ninachodhani siyo nilichokiona."

Alikataa kusaini. Aliandika maelezo yake upya, kwa mwandiko wake, akiwa amekasirika hadi kalamu ikatoboa karatasi. Wenzake wakaanza kumwita wakili wa majangili. Na kijijini, alipokwenda kuteka maji, mke wa Babu Sabayi alimwaga ndoo yake miguuni pake na kusema, "Mtoto tuliyemlisha." Kwa hiyo huku alikuwa mpole mno, na kule mkatili mno, ndani ya siku moja.

Siku ya kesi, shahidi wa kwanza alikuwa Wegesa. Alisema alichokiona: mtama uliopondwa, mguu wa nyumbu, waya tatu, hatua themanini na sita. Mwendesha mashtaka alimuuliza mara nne kama ana hakika na mpaka, naye akajibu mara nne. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole, aliandika kwa kirefu. Kisha akamgeukia mshtakiwa.

"Mzee, umesikia. Shahidi anasema hakukuona ndani ya pori. Huenda mnyama huyo alijifia shambani kwako, wewe ukamwokota tu. Una swali kwa shahidi?"

Ilikuwa njia wazi kabisa. Wegesa alimtazama mzee, akimwomba kwa macho anyamaze.

Babu Sabayi alisimama, akanyoosha shati.

"Nimwokote?" alisema. "Mimi? Mheshimiwa, mimi fisi?"

"Babu, kaa!" Wegesa alisema kwa nguvu, na karani akamkemea.

"Baba yangu alikuwa mwindaji, na babu yangu vilevile, kabla hayo mawe ya mpaka hayajapandwa. Niliingia mwenyewe, nikatega kule korongoni, nikambeba begani, kipande kwa kipande, hadi shambani kwa miaka yangu hii sabini na moja. Huyu binti hakuniona kwa sababu hakuna anayeniona nikiwa kazini. Swali ninalo moja. Mwenye pikapu yuko wapi? Naona kiti chake kitupu."

Watu waliojaa mabenchi ya nyuma walipiga makofi hadi polisi wakasimama. Hakimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

Alimhukumu mwaka mmoja na nusu kwa kuingia porini na kutega. Swali la pikapu halikuandikwa, kwa kuwa halikuhusu kesi.

Nje, Kihwele alimsubiri Wegesa kwenye ngazi, akitabasamu. "Si nilikwambia alikuwa ndani?"

"Hukujua, Afande. Ulibahatisha."

"Lakini nilipatia."

Wegesa alimpita, akashuka ngazi. Jibu alilokuwa nalo lingemfukuzisha kazi.

Mwezi uliofuata alihamishiwa getini, kukagua vibali vya wageni. Huko alipitisha wawindaji wenye leseni, waliotoka na vichwa vya nyati juu ya magari yao wakimpungia mkono kwa adabu. Karatasi zao zilikuwa sawa, kila mara.

Siku ya mapumziko alikwenda gerezani na sukari na tumbaku.

"Ningekutoa, Babu," alisema kabla hata ya kumwamkia. "Ungenyamaza tu! Neno moja hukuweza kulimeza?"

"Halafu niishi naitwa mwokota mizoga?" Mzee alikuwa amekonda, ila macho yalikuwa yale yale. "Wewe ulisema ukweli ukaharibikiwa kazi. Mbona mimi unanigombeza?"

"Sijui! Mnanichosha wote. Shikamoo."

"Marahaba, mchumba. Mtama umevunwa?"

"Uliobaki. Nimemsaidia bibi. Hakunisemesha siku nzima, lakini chakula alinipa."

Jumatatu, kabla ya zamu, aliketi kwenye kibanda cha getini akaandika barua kwenda mkoani: tarehe, namba ya pikapu, magunia kumi na moja. Ilikuwa ya tatu. Lukumay, aliyesimamisha gari la doria getini, aliisoma, akatikisa kichwa, kisha akaomba kalamu na kuongeza jina lake chini ya la Wegesa.